Nusu ya Roma Ilianguka, Nusu Ikasimama

Kuna hesabu inayozunguka sana mitandaoni, hasa kwa kuwa Marekani, iliyojitangazia uhuru mwaka 1776, inafikisha miaka 250 mwaka 2026. Hesabu yenyewe inasema kila dola kubwa huishi miaka 250 kisha huanguka, na shahidi anayeitwa kwanza ni Roma. Ubishi hauishi. Mmoja anasema Roma iliangushwa na zinaa na anasa, mwingine anasema ni wageni, wa tatu ni kodi, na wa nne anaapa kwamba Warumi walilishwa sumu na mabomba ya maji yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Kila mtu anaivuta Roma kule alikokwisha kuamua kwenda.

Naamini Roma ina la kutufundisha, tena zito. Lakini hatutaliona mpaka tukubaliane tunazungumzia nini tunaposema "Roma", na nini tunaposema "ilianguka".

Roma ipi?

Mapokeo ya Warumi wenyewe yanasema mji wao ulianzishwa mwaka 753 KK. Tangu 509 KK ukawa jamhuri, yaani hakukuwa na mfalme: viongozi walichaguliwa kwa mwaka mmoja mmoja, na Seneti, baraza la wakubwa wenye ardhi, lilikuwa na kauli nzito. Mwaka 27 KK madaraka yakaishia mikononi mwa mtu mmoja, Augustus, ndiye yule Kaisari Augusto wa Injili ya Luka. Kipindi cha makaisari kilichoanzia hapo ndicho tunachokiita Dola la Roma. Kufikia mwaka 117 lilikuwa limeizunguka Bahari ya Mediteranea yote, kutoka Uingereza hadi Iraki, kutoka Moroko hadi Misri. Wafanyabiashara wake wa Misri waliijua hata pwani yetu. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki, unaitaja bandari ya Rhapta, ambayo wataalamu wengi wanaiweka kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na pembe za ndovu na magamba ya kasa yaliyopatikana huko.

Dola la ukubwa huo lilimshinda mtu mmoja kuliongoza. Mwaka 395, Kaisari Theodosius alipofariki, wanawe wawili wakaligawana. Magharibi ilikuwa na Italia, Ufaransa, Hispania, Uingereza na sehemu kubwa ya Afrika ya Kaskazini nje ya Misri. Mashariki ilikuwa na nchi za Balkani na Ugiriki, Uturuki, Shamu na Misri, na mji wake mkuu ulikuwa Konstantinopoli, Istanbul ya leo.

Kinachoitwa "kuanguka kwa Roma" katika vitabu vya shule ni tukio la mwaka 476, pale jemadari Odoacer alipomvua madaraka kijana Romulus Augustulus huko Italia. Odoacer hakujiita kaisari. Alama za ukaisari zilipelekwa Konstantinopoli pamoja na ujumbe kwamba Magharibi haihitaji tena kaisari wake, mmoja anatosha. Mashariki ikaendelea mpaka tarehe 29 Mei 1453, Sultani Mehmed II alipouteka mji, na watu wake walijiita Warumi hadi mwisho.

Wanaosoma Qur'ani wanaijua Roma hiyo. Surat Ar-Rum inazungumzia Warumi walioshindwa ambao watashinda tena, na hao ni wa Mashariki, waliokuwa vitani na Waajemi mwanzoni mwa karne ya 7. Fasihi yetu nayo inaijua. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, huitwa pia Chuo (yaani kitabu) cha Herekali, na Herekali huyo ni Kaisari Heraclius aliyetawala Konstantinopoli kuanzia 610 hadi 641.

Basi turudi kwenye miaka 250. Kutoka 27 KK hadi 476 ni zaidi ya miaka 500, na hadi 1453 ni karibu 1,480. Hesabu ya 250 ilienezwa na jenerali mmoja mstaafu wa Uingereza katika miaka ya 1970. Ili Roma iingie humo, aliitenga jamhuri na dola, kisha akakomesha dola mwaka 180, wakati lilikuwa bado na karne tatu mbele yake hata huko Magharibi. Waosmani, watawala wa dola la Kituruki, aliwakomesha mwaka 1570, nao walitawala hadi 1922. Hakuna sheria ya historia hapo. Kuna tarehe zilizochaguliwa.

Kipimo cha Mashariki

Mgawanyo ule wa mwaka 395 unatupa kipimo cha kila nadharia. Sababu yoyote ya kuanguka kwa Magharibi lazima ieleze pia kwa nini Mashariki ilisimama. Kama kitu kilikuwepo pande zote mbili, na upande mmoja ukaishi miaka 1,000 zaidi, basi kitu hicho peke yake hakikuua.

Chukua zinaa na anasa. Visa vyote maarufu, vya makaisari Caligula na Nero, ni vya karne ya 1, wakati dola lilikuwa bado linapanuka. Lilipoanza kuvunjika lilikuwa la Kikristo. Theodosius aliifanya imani hiyo kuwa dini rasmi mwaka 380. Wagothi, watu wa kabila la Kijerumani, walipoupora mji wa Roma mwaka 410, waabudu wa miungu ya kale walisema kinyume kabisa cha tunayosikia leo, kwamba mji umepata pigo kwa sababu umeiacha miungu iliyoulinda. Askofu Mwafrika, Augustino wa Hippo, mji ulioko Algeria ya leo, aliandika kitabu kikubwa kuwajibu. Mashariki ilikuwa na imani ileile na majumba ya kifahari kama yale. Kipimo kinaikataa sababu hii.

Mabomba ya risasi hayachukui muda. Yalikuwepo tangu enzi za ustawi, ndani yake ukajijenga utando wa chokaa, na maji yalitiririka mfululizo bila kusimama humo. Risasi haikuwasaidia Warumi kiafya, lakini haikuvunja dola.

Sababu ya wageni inahitaji subira zaidi, kwa maana inasemwa kwa sauti kubwa na inaumiza watu walio hai leo. Roma ilikua kwa kuwapokea wageni. Kaisari Trajan alizaliwa Hispania. Septimius Severus, aliyetawala kuanzia 193 hadi 211, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, na mwanawe Caracalla mwaka 212 akawapa uraia karibu watu huru wote wa dola. Jeshi lilikuwa na askari wa makabila ya nje kwa karne nyingi, nao walipigana na kufa kwa ajili yake.

Mwaka 376 Wagothi, wakiwakimbia Wahunni, wapiganaji wa farasi kutoka mashariki, walifika kwenye kingo za mto Danube na kuomba hifadhi. Kaisari Valens, aliyeshika upande wa Mashariki hata kabla ya mgawanyo wa 395, alikubali, kwa kuwa aliona kwao askari na wakulima. Chakula kilitakiwa kiwafikie, lakini maofisa waliopewa kazi hiyo, Lupicinus na Maximus, waliigeuza njaa ya wakimbizi kuwa biashara. Ammianus Marcellinus, askari na mwanahistoria aliyeishi wakati huo, aliandika kwamba walikusanya mbwa na kuwauza kama kitoweo, mbwa mmoja kwa mtu mmoja anayeingia utumwani, na miongoni mwa waliochukuliwa wakawemo watoto wa machifu. Wagothi wakaasi. Tarehe 9 Agosti 378, karibu na Adrianople, Edirne ya leo, Valens aliuawa pamoja na theluthi mbili hivi za jeshi alilokwenda nalo.

Kwa hiyo anayesema "wageni waliiangusha Roma" anaruka sura nzima. Watu wale walikuja wakiomba. Waliogeuka kuwa maadui walikuwa wazazi waliouza watoto wao ili wapate nyama ya mbwa, mikononi mwa watumishi wa serikali waliopewa dhamana ya kuwalisha.

Hata hivyo pigo hilo liliipata Mashariki, na ndiyo iliyosalia. Iliwezaje?

Ufuate mfuko

Dola la Roma, ukiliondolea marumaru na mashairi, lilikuwa mashine ya kukusanya kodi ya ardhi na kulipa askari. Jeshi lilikula sehemu kubwa kuliko kitu kingine chochote. Kodi ilipoingia vizuri, askari walilipwa, mipaka ikalindwa, wakulima wakalima kwa amani, na kodi ikaingia tena. Watoza ushuru tunaowasoma katika Injili walikuwa kiungo kidogo cha mashine hiyo, na dinari aliyoonyeshwa Yesu alipoulizwa kuhusu kodi ya Kaisari ilikuwa damu yake.

Mashine ilikuwa na ufa tangu mwanzo: haikuwahi kuwekwa sheria thabiti ya nani amrithi kaisari. Mwenye jeshi ndiye aliyekuwa na hoja. Mwaka 193 walinzi wa ikulu walimuua Kaisari Pertinax, kisha wakauza kiti chake kwa mnada. Tajiri Didius Julianus akakinunua kwa ahadi ya sarafu 25,000 ziitwazo sesta kwa kila mlinzi, naye akauawa baada ya miezi miwili hivi. Septimius Severus, aliyemfuata, inasimuliwa kwamba alipokuwa akifa aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari, na wasiwajali wengine wote. Walishika sehemu ya pili tu. Caracalla alimuua ndugu yake mwaka huohuo.

Halafu kati ya 235 na 284 walipita makaisari zaidi ya 20, karibu wote wakaishia kwa kuuawa. Kila mpinzani aliyetaka kiti aliondoa askari mpakani ili akapigane na Warumi wenzake, na kila mshindi alidaiwa zawadi na jeshi lililomweka.

Pesa hizo zilitoka wapi? Serikali ya Roma haikuwa na utaratibu wa kukopa kama serikali za leo. Ikapunguza madini ya fedha ndani ya sarafu. Ni kama muuza maziwa anayeongeza maji: ndoo inajaa, wateja wote wanapata, siku ya kwanza hakuna anayelalamika, lakini wakishaonja, lita ya jana wanaitaka kwa nusu ya bei. Wakati wa Augustus dinari ilikuwa karibu fedha tupu. Kufikia mwaka 200 nusu hivi ilikuwa madini mengine. Kufikia 270 sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa na chini ya asilimia 5. Bei zikapaa. Mwaka 301 Kaisari Diocletian alitangaza bei za juu kabisa zinazoruhusiwa kwa bidhaa na ujira, orodha ya vitu zaidi ya 1,000, na adhabu ya kifo kwa atakayezidisha. Mwandishi Lactantius, aliyeishi wakati huo, anasema bidhaa zilitoweka sokoni na ughali ukazidi.

Constantine, karne ya 4, alileta dawa: sarafu ya dhahabu ya gramu 4.5 hivi, iliyodumu na uzito wake kwa takriban miaka 700 huko Mashariki. Dawa hiyo ilikuwa na upande wa pili. Mkubwa aliyelipwa kwa dhahabu alikuwa salama, huku mkulima akibaki na vipande vya shaba vilivyoyeyuka thamani mkononi.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kiini cha jambo lote kilipo. Magharibi ilikuwa na familia chache za maseneta zenye mashamba makubwa kupita kiasi. Walijua njia za kupata misamaha, na malimbikizo yao ya kodi yalifutwa mara kwa mara. Pengo liliangukia madiwani wa miji, ambao sheria iliwataka wafidie upungufu wa makusanyo kutoka mifukoni mwao. Wakaanza kukimbia, wengine jeshini, wengine kanisani, wengine katika utumishi wa kaisari. Serikali ikatunga sheria za kuwarudisha na kuwafunga watoto wao kwenye kazi za baba zao. Wakulima wapangaji nao wakafungwa kwenye ardhi. Sheria ya mwaka 332 iliruhusu mwenye dalili ya kutaka kutoroka atiwe minyororo. Kasisi Salvian wa Marseille, akiandika katika miaka ya 440, anasema kwa uchungu kwamba maskini wa Kirumi walihamia kwa maadui kwa hiari yao, kwa sababu watoza kodi wa nchi yao walikuwa wakali kuliko adui.

Watu wa namna hiyo hawapiganii dola. Adui alipokuja, wengi waliangalia tu.

Siku mashine iliposimama

Mwishoni mwa mwaka 406 Wavandali, kabila jingine la Kijerumani, na wenzao walivuka mto Rhine. Badala ya kuungana kuwakabili, makamanda wa Magharibi walipigania ukaisari wao kwa wao. Mwaka 408 Kaisari Honorius alikubali jemadari wake hodari kuliko wote, Stilicho, auawe kwa fitina za ikulu. Miaka miwili baadaye Alaric na Wagothi wake walikuwa ndani ya Roma. Kila jimbo lililoporwa lilikuwa kodi isiyoingia, kila kodi isiyoingia ilikuwa kikosi kisicholipwa, na kila kikosi kilichovunjika kilikuwa jimbo jingine linaloondoka.

Tarehe ya kukariri, kama lazima ukariri moja, ni 439 kuliko 476. Mwaka huo mfalme Geiseric wa Wavandali aliuteka Karthago, katika Tunisia ya leo. Afrika ya Kaskazini ndiyo iliyolisha mji wa Roma kwa nafaka na mafuta ya zeituni, na ndiyo iliyokuwa mfuko mnene wa mwisho wa hazina ya Magharibi. Mwaka 444 hivi Kaisari Valentinian III alikiri ndani ya sheria yake mwenyewe kwamba mapato hayatoshi kuwalisha wala kuwavisha askari, akaweka ushuru mpya wa mauzo. Mwaka 468 Mashariki na Magharibi ziliungana kupeleka mamia ya meli kuikomboa Karthago. Wavandali walizichoma. Miaka minane baadaye Odoacer hakuhitaji hata vita kubwa.

Mashariki ilipigwa mwaka 378, lakini mashamba ya Misri, Shamu na Uturuki yalikuwa mbali na vita ile. Kodi ikaendelea kuingia. Kuta kubwa za Konstantinopoli zilizojengwa karibu mwaka 413 zikaulinda mji, na jeshi likajengwa upya. Sababu hii ya kodi inafaulu kipimo chetu.

Inasemwa pia kwamba hakuna kilichoanguka, yalikuwa mageuzi ya taratibu tu. Kwa mwenye cheo huenda ilikuwa hivyo. Kwa mtu wa kawaida sivyo. Katika Uingereza, baada ya utawala wa Roma kukoma mwanzoni mwa karne ya 5, sarafu mpya ziliacha kuingia, viwanda vya vyungu vikafa, na ufinyanzi wa gurudumu ukapotea kwa vizazi. Ujenzi wa mawe na vigae nao ukatoweka. Kijiji kilichokuwa kikinunua chungu kutoka mbali hakikuwa na mtu aliyebaki anajua kukitengeneza. Nalifikiria hilo kila ninapokumbuka mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kula mpaka kwenye maduka ya Afrika Mashariki. Soko kubwa linatulisha vizuri kuliko babu zetu walivyoweza kuota, na linatusahaulisha ujuzi wa kujilisha.

Dawa iliyoua

Sura moja husahaulika katika mijadala hii, nayo ndiyo inayonigusa zaidi siku hizi ambapo wanasiasa wa nchi nyingi wanaahidi kurudisha ukuu wa zamani. Baada ya 476 maisha ya Italia hayakuzimika. Chini ya Odoacer, kisha chini ya mfalme Theodoric wa Wagothi wa Mashariki, Seneti iliendelea kukutana, sheria za Kirumi zikafuatwa, majengo yakakarabatiwa.

Mwaka 535 Kaisari Justinian wa Konstantinopoli aliamua kuirudisha Italia katika dola. Vita vilichukua karibu miaka 20. Mwaka 537 Wagothi walioizingira Roma walikata mifereji mirefu iliyoleta maji mjini. Kuanzia 541 tauni ilipita katika nchi za Mediteranea na kuwakuta watu wakiwa na njaa. Mwaka 546 mfalme Totila wa Wagothi aliuteka mji, na Procopius, mwanahistoria wa vita hivyo, anasimulia kwamba wakazi wote waliondolewa, Roma ikabaki bila mtu. Mji uliokuwa na watu wapatao milioni moja wakati wa Augustus ulitoka katika vita hivyo na makumi ya maelfu tu.

Mwaka 554 Justinian alitoa amri ya kupanga upya utawala wa Italia, na watoza kodi wake wakaingia kazini katika nchi iliyokuwa majivu. Mwaka 568 Walombardi, kabila jingine la Kijerumani, walivuka milima ya Alpi, hawakukuta jeshi la kutosha kuwazuia, na ndani ya miaka michache sehemu kubwa ya Italia ilikuwa imepotea tena.